Sahihi ya Pili

Chini ya ngazi za maktaba kuu ya mji palikuwa na chumba ambacho wasomaji wengi hawakukijua. Mlango wake ulikuwa mfupi. Watu warefu waliinama kabla ya kubisha hodi, na waliosahau walitoka na nundu. Humo ndimo alimofanyia kazi mwanamke mmoja kwa miaka ishirini na tisa, akishona vitabu vilivyoachana, akibandika kurasa zilizochanika na kuwafukuza wadudu ambao, kwa maneno yake, walipenda kusoma kuliko watu. Wafanyakazi wenzake walimwita Mama Gundi. Hakuchukia. Alisema heri yeye kuliko yule afisa wa manunuzi wa ghorofa ya pili, aliyeitwa Njoo Kesho.

Alikuwa na meza moja pana, sindano za urefu mbalimbali, mfupa laini wa kukunjia karatasi, jiwe zito alilolivisha kitambaa, na kisufuria cha gundi ya unga aliyoipika mwenyewe kila Jumatatu. Nyuma ya meza kulikuwa na mlango wa pili, na nyuma ya mlango huo ndipo palipokuwa na ghala la magazeti.

Gazeti la mji ule lilichapishwa kwa miaka sabini kabla halijafungwa. Ofisi zake zilikwisha kuvunjwa, na nakala pekee zilizosalia zilikuwa zile za maktaba, zimeshonwa katika majalada mia nne na kumi na nane yenye migongo ya kitambaa cheusi. Karatasi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Ukifunua kwa pupa, pembe inakatika na kubaki mkononi kama kipande cha biskuti. Mama Gundi alizijua moja moja. Baba yake alikuwa mpanga herufi wa gazeti hilo kwa miaka ishirini na miwili, enzi zile ambapo herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi vinavyopangwa kwa mkono, kinyumenyume, mstari baada ya mstari. Alifariki bintiye huyo akiwa na miaka kumi na minne. Mdogo wake, kitinda mimba, alikuwa na mitatu.

Hao wawili ndio watoto pekee wa mama yao. Baada ya msiba huo, mkubwa aliacha shule, akawa anafua nguo za watu pamoja na mama, huku mdogo yuko mgongoni. Miaka ilipopita akapata kazi ya kufagia maktaba, na mshonaji mzee aliyekuwapo akamfundisha sindano. Mdogo alisoma mpaka mwisho. Alirudi na shahada ya ukutubi, akaajiriwa maktaba ile ile, na miaka minne iliyopita akateuliwa kuwa Mkuu. Siku ya uteuzi Mama Gundi alijifungia chooni akalia kwa furaha, akanawa uso, kisha akatoka kupiga vigelegele kuliko wote. Tangu siku hiyo, mbele za watu alimwita Mkuu. Nyumbani aliendelea kumwita Kitinda, kama mama yao alivyomwita.

Mashine ililetwa mwanzoni mwa mwaka. Ilikuja na mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliyeajiriwa na kampuni ya kupiga picha nyaraka. Kazi yake ilikuwa kulaza karatasi chini ya kioo, kubonyeza, kutazama picha kwenye kompyuta, na kubonyeza tena. Wafanyakazi wakambatiza jina la Bonyeza kabla hajamaliza wiki. Mpango ulikuwa kupiga picha magazeti yote, kila ukurasa, ili watu wasome kwenye kompyuta bila kuigusa karatasi.

Tatizo likaonekana siku ya kwanza. Majalada yalikuwa manene, na maneno ya karibu na mgongo yalimezwa na mkunjo. Ukilikandamiza jalada kwa kioo ili lilale, karatasi zinavunjika. Njia ilikuwa moja tu, kuyafumua.

"Haiwezekani," alisema Mama Gundi. "Miaka yote nimeshona, leo nianze kuchinja?"

Jumapili iliyofuata Mkuu alikwenda nyumbani kwa dada yake. Mume wa Mama Gundi, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa kibarazani amefungua redio vipande vipande. Aliposikia sauti ya shemeji yake alifuta kiti kwa koti lake la kazi, akawaachia nafasi.

"Dada, nisikilize," alisema Kitinda. "Zikipigwa picha zinarudi kwako. Utazishona moja moja mpaka ustaafu. Anayetaka kusoma atasoma kwenye kompyuta, na zenyewe zitapumzika. Si wewe uliyekuwa ukilalamika kwamba watu wanazimaliza kwa kuzifunua?"

"Nililalamika, ndiyo."

"Sasa? Nimekuletea dawa unaikataa kwa sababu ni chungu."

Mama Gundi alimtazama mdogo wake. "Zitarudi zote?"

"Zote."

"Niapie."

"Haki ya Mama."

"Usimwapie Mama, macho yenyewe yanamsumbua."

Wakacheka wote wawili, na mume akacheka huko aliko bila kujua wanacheka nini. Basi ikawa imekwisha. Kesho yake Mama Gundi alinunua nyembe mpya.

Kazi ile ilichukua miezi kumi. Kwa siku alifumua majalada mawili, siku nyingine moja tu. Alilainisha gundi ya zamani kwa kitambaa chenye uvuguvugu, akakata uzi fundo kwa fundo, akanyanyua karatasi moja moja kwa mfupa wake na kuandika namba pembeni kwa penseli, ili atakaposhona asikosee hata ukurasa. Majalada matupu aliyafunga kwa utepe, kila moja na namba yake, akayapanga kabatini mwake. Karatasi zilizokwisha kupigwa picha zilirudi ghalani katika mafungu, zikimsubiri.

Mwanzoni alikaa karibu na Bonyeza kama mama anayempeleka mtoto kuchomwa sindano. "Polepole, polepole, hiyo pembe!" Bonyeza hakukasirika. Baada ya muda wakawa wanakunywa chai pamoja, na Mama Gundi akaanza kuipenda mashine. Siku moja Bonyeza alikuza picha mpaka herufi zikawa kubwa kama vikombe, na Mama Gundi akaona herufi G iliyokatika mkia. Akaiona tena katika toleo la wiki iliyofuata, na tena mwezi mwingine. Ilikuwa kipande kile kile cha risasi, kilichopita katika vidole vya baba yake kwa miaka sita kabla hakijatupwa. Kwa macho matupu asingeigundua kamwe. Alipanda ngazi mbiombio kumwita mdogo wake aje kuona. Mkuu alishuka, akatazama, akasema, "Ehe, naona," kisha akatazama saa.

Lakini mashine nayo ilikosea. Kurasa nyingine zilitoka na ukungu, nyingine zilijikunja chini ya kioo na kuficha safu nzima. Mama Gundi alizikagua picha zote jioni kabla ya kutoka, na kila yenye kasoro aliiandika katika daftari lenye jalada la kijani, ili ipigwe upya mwishoni. Mwezi wa kumi ulipokwisha daftari lilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili.

"Tutazirudia zote," Bonyeza alimwahidi. "Nipe wiki tatu tu baada ya kumaliza mzunguko wa kwanza."

Jalada la mwisho lilipofumuliwa, Mkuu alishuka chini ya ngazi na karatasi mkononi.

"Dada, daktari amenipa tarehe ya Mama. Wanamfanyia jicho la kulia Jumatano. Atahitaji mtu wa kumtia dawa kila baada ya saa nne. Chukua likizo ya wiki mbili ukae naye, mimi hapa siwezi kutoka."

"Na zile kurasa za kurudia?"

"Zitakusubiri. Saini hapa." Aliziweka karatasi mezani, akazishika pembeni kwa kiganja. Mama Gundi alifuta gundi vidoleni akatia sahihi. Mkuu akafunua pembe ya karatasi ya chini. "Na hapa."

"Mbili?"

"Siku hizi wanataka nakala ya kila kitu."

Akatia sahihi ya pili. Hakusoma. Nani anasoma karatasi anayopewa na mtoto aliyembeba mgongoni?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kwa wiki mbili Mama Gundi alilala kwenye godoro kando ya kitanda cha mama yake, akamtia dawa, akamzuia asikune jicho, akasikiliza habari zile zile za ujanani mara tano tano. Kitinda alipiga simu kila siku. "Unapumzika, dada? Usiwaze kazi." Mara mbili alifika na matunda, akakaa nusu saa, akaondoka. Mama Gundi alimwambia mumewe kwamba hajawahi kumwona mdogo wake akiwa na huruma kiasi kile, labda ukubwa umeanza kumwingia.

Jumatatu alirudi kazini. Alipofungua chumba chake alisikia harufu ya rangi. Mlango wa pili ulikuwa wazi. Ghalani kulikuwa na mafundi wawili wakipima ukuta kwa futi kamba, mmoja akisoma namba, mwingine akiandika mkononi. Rafu hazikuwapo. Sakafuni palibaki alama za mistatili, pale ambapo jua wala ufagio havikufika kwa miaka mingi. Kuta zilikuwa nyeupe.

"Vitu vya humu viko wapi?" aliuliza.

"Sisi tumekuta patupu, mama," alijibu fundi. "Tumeambiwa hapa zinakuja meza za kompyuta."

Alikimbilia kabati lake. Majalada matupu yalikuwapo, yote mia nne na kumi na nane, na tepe zake na namba zake. Kilichokuwa ndani ya majalada ndicho hakikuwapo.

Alimkuta Bonyeza ukumbini akifunga kioo cha mashine kwa blanketi.

"Mafungu yangu yako wapi?"

Bonyeza aliinua macho. Aliteremsha miwani, ikaning'inia kifuani. "Yamechukuliwa, dada. Kiwanda cha trei za mayai. Lori la kwanza lilikuja Alhamisi ya wiki ya kwanza ya likizo yako, la pili Ijumaa hii iliyopita."

"Trei za nini?"

"Za mayai. Wanaloweka karatasi." Akasita. "Kwani hukuambiwa?"

Mama Gundi alishika ukingo wa meza.

"Dada, ilikuwa kwenye mkataba tangu mwanzo," Bonyeza alisema kwa sauti ya chini. "Kupiga picha, kisha kuondoa nakala ili chumba kipatikane. Kila mtu alijua. Mimi nilidhani wewe ndiye uliyejua kuliko sote. Nilikuwa nakutazama unavyoziandika namba kwa penseli, nasema moyoni, huyu mama ana roho ngumu, anaziaga moja moja. Na zile za kurudia nilimwuliza Mkuu, akasema muda umekwisha, picha zilizopo zinatosha." Alifungua faili lake akatoa karatasi. "Tena wewe mwenyewe ulisaini."

Ilikuwa fomu ya maktaba yenye muhuri. *Fundi wa ukarabati amekagua majalada yote na kuthibitisha kwamba karatasi zimeharibika kiasi cha kutoweza kushonwa tena. Anaridhia ziondolewe.* Chini yake kulikuwa na sahihi yake, ile yenye mkia mrefu, na upande mmoja alama hafifu ya kidole chenye gundi.

Aliisoma mara tatu. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Waliomsalimia kila asubuhi kwa miezi kumi, waliomwona akishuka na nyembe zake, walijua. Wapo waliomwona mjinga, na wapo waliomwona muuaji. Hakujua lipi zito zaidi.

Alipanda ngazi. Katibu alimwambia Mkuu ana wageni. Alipita.

Hakukuwa na wageni. Kitinda alimwona usoni, akasimama. "Dada, funga mlango."

"Niufunge nini? Si kila mtu anajua?"

Mkuu aliufunga mwenyewe. Alirudi akakaa ukingoni mwa meza. "Nilitaka kukwambia taratibu."

"Ulipokuja kwangu ile Jumapili, mkataba ulikuwa umeshasainiwa?"

Kitinda alitazama dirishani. "Ulikuwa umesainiwa."

"Kwa hiyo ulikaa kwenye kiti changu ukamwapia Mama, na huku unajua."

"Ningekwambia ukweli ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Na hakuna mkono mwingine ungeweza kuzifumua bila kuzichana. Niliwauliza kampuni, wakasema wao watakata migongo kwa mashine, theluthi moja ya maandishi ipotee. Dada, walitupa masharti. Chumba kiachwe wazi, la sivyo mashine inakwenda mji mwingine. Ghala linavuja, unajua. Miaka kumi ijayo usingekuta karatasi wala picha. Mimi nimeokoa kilichoandikwa. Dunia nzima sasa itasoma."

"Sikuulizi dunia. Nakuuliza sahihi yangu."

Mdogo aligeuza kalamu mezani.

"Ungeweza kuandika wewe. *Mkuu ameamua.* Maneno mawili. Kwa nini uliandika mimi?"

"Bodi isingeafiki bila neno la fundi," alisema Kitinda polepole. "Wanakuamini wewe."

Mama Gundi alitikisa kichwa kama anayesikia lugha ngeni. "Mle ndani kulikuwa na mikono ya Baba."

Hapo ndipo mdogo wake alipopandisha sauti. "Baba yako! Mimi Baba simjui. Nilikuwa na miaka mitatu. Wewe ulipata miaka kumi na minne ya Baba, mimi nilipata karatasi, na hizo karatasi uliziweka chini ya ngazi ukazifungia kama zako. Kila kitu Baba, Baba. Mimi nina maktaba ya kuendesha."

Mama Gundi aligeuka akatoka, na katibu akainamia kompyuta yake kama ambaye hakusikia.

Mumewe aliazima gari dogo la mizigo la jirani, na kabla ya saa sita walikuwa kiwandani. Msimamizi wa pale, mtu mnene mwenye buti za mpira, aliwasikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza. Kisha akawapeleka uani.

Kulikuwa na birika kubwa la saruji, na ndani yake uji wa kijivu ukizungushwa na makasia ya chuma. Kando yake, trei mpya zilipangwa juani zikauke.

"Karatasi ya zamani hulainika upesi," alisema msimamizi. "Lori la kwanza limekwisha lote, mama. Sitaki kukudanganya. La pili tumeanza nalo leo asubuhi. Kilichobaki kiko pale." Alionyesha rundo chini ya turubai. "Nitawaambia vijana wasimamishe. Chukueni mnachoweza kabla ya saa kumi."

Walibeba mpaka migongo ikawauma. Mume, ambaye maishani mwake alibeba saruji, mbao na ng'ombe, alisema hajawahi kubeba mzigo unaomtia hofu hata ya kukohoa. Namba za penseli ziliwasaidia. Mama Gundi alizisoma kwa sauti naye akapanga. Walipomaliza walikuwa na mafungu sitini na moja yaliyo kamili, na mengine tisa yaliyokosa kurasa. Mia tatu arobaini na nane hayakuwapo. Kabla ya kuondoka alisimama kidogo karibu na birika. Juu ya uji kulielea kipande kidogo cha kichwa cha habari, neno moja, *WAANZA*, likazunguka, likazama.

Alizipanga zote chumbani mwao, mume akahamishia kitanda sebuleni bila kuulizwa.

Wiki ile mama yao aliwaita wote wawili. Kitinda alikuwa amemwahi. Mama Gundi alipoingia alimkuta mama ameketi kitandani, kompyuta ndogo mapajani, anacheka na kulia kwa pamoja. Kwenye kioo kulikuwa na picha kutoka gazetini, wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji wamesimama mbele ya mtambo mpya. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa baba yao. Kitinda alikuwa ameikuza, sura ikajaa kioo kizima, kovu la kidevuni likaonekana.

"Njoo umwone baba yako!" mama aliita. "Miaka yote nilikuwa nimesahau hili kovu. Kwa jicho hili jipya namwona kuliko nilivyomwona siku ya harusi." Alipangusa shavu kwa upande wa khanga. "Sasa mnagombana nini, na kitu kizuri namna hii?"

Mama Gundi aliketi kitandani. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Picha ilikuwa nzuri kweli, na hilo ndilo lililomchoma.

"Picha ni nzuri, Mama. Sigombani na picha."

Akamweleza yote, kuanzia kiapo mpaka karatasi ya pili. Mama aliacha kucheka. Aliifunga kompyuta polepole, akamgeukia mdogo.

"Ulimpa asaini asichokijua?"

"Mama, ilikuwa lazima..."

"Nimekuuliza jambo moja."

"Ndiyo, Mama."

Mama Gundi alimngoja mama yake. Alijua jinsi alivyokuwa mkali kwa uongo, jinsi alivyowachapa utotoni kwa sukari iliyolambwa. Lakini mama alipofungua mdomo, mkono wake uliushika wa mkubwa.

"Mwanangu, nakuomba. Yaishe humu ndani. Ukiyapeleka kwenye bodi watamfukuza. Ana watoto shuleni. Wewe ni mkubwa, wewe ndiye uliyezoea kubeba."

Mama Gundi aliutoa mkono wake taratibu. Ya mdogo wake yalimuuma, lakini haya yalimpata mahali asipopatarajia. Aliinama akavaa viatu. "Nimezoea, Mama. Ila hukuniuliza kama nimechoka."

Kwa siku nne hakwenda kazini. Alikaa kati ya mafungu, akizisafisha karatasi vumbi la kiwandani kwa brashi laini. Siku ya tano mumewe alimletea chai akakaa karibu naye.

"Unawaza kumfukuzisha?"

"La. Nawaza ile fomu." Aliweka brashi chini. "Mtu atakuja miaka hamsini ijayo kuuliza yako wapi magazeti. Watampa ile karatasi. Ataona jina langu linasema hayakufaa kushonwa. Na haya hapa yanafaa, yashike uone. Nikinyamaza, uongo ule ndio utakuwa mimi."

"Basi andika."

Akaandika ukurasa mmoja, kwa mkono. Alikiri kwamba sahihi ni yake. Alieleza alivyoitia na alichoambiwa. Hakumtukana mdogo wake wala hakuomba aadhibiwe. Mwisho aliorodhesha mafungu sabini yaliyokuwa nyumbani kwake na kuambatanisha lile daftari la kijani, ili ijulikane ni kurasa zipi ambazo picha zake hazisomeki. Aliupeleka kwa mwenyekiti wa bodi mwenyewe, akangoja apewe muhuri wa kupokelewa.

Bodi ilikaa mara tatu. Kitinda hakukana. Hawakumfukuza, walimvua ukuu na kumpeleka tawi dogo upande wa pili wa mji, awe anapokea vitabu na kuvirudisha rafuni. Kati ya zile kurasa mia tatu na kumi na mbili, arobaini na sita zilipatikana katika mafungu yaliyookolewa, na Bonyeza alirudi kwa siku mbili kuzipiga picha upya, bila kutumwa na kampuni yake. Fomu ile haikutolewa kwenye faili, maana nyaraka hazitolewi. Barua ya Mama Gundi ilibanwa juu yake kwa pini. Mafungu sabini yakarudishwa chumbani kwake chini ya ngazi, ayashone.

Magazeti kwenye kompyuta yalisomwa na wengi. Barua za shukrani zilikuja kutoka kwa watu walioona tangazo la harusi ya babu zao, au jina la shangazi aliyeshinda mbio shuleni. Mkuu mpya alizibandika ukutani ukumbini. Mama Gundi alizisoma kila akipita, na nyingine zilimfurahisha kweli. Kazini walianza kumsalimia kwa adabu iliyozidi, kama mfiwa.

Kwa mama yao walikwenda kwa zamu. Mkubwa Jumamosi, mdogo Jumapili. Mama hakulisema hilo, ila alianza kupika kidogo.

Ilipita karibu mwaka. Mchana mmoja, Mama Gundi akiwa anashona jalada la ishirini na saba, alisikia hodi. Kitinda aliingia, amekonda, amebeba mkoba kifuani kwa mikono miwili. Alitazama mafungu, uzi, kisufuria. Hakuwahi kukaa katika chumba kile muda mrefu alipokuwa Mkuu.

"Dada," alisema. "Nimekuja kuomba msamaha. Siyo kwa sababu Mama amesema. Hajui hata kama niko hapa."

Mama Gundi alimalizia fundo. Aliukata uzi, akachoma sindano kwenye kitambaa.

"Nimekusikia," alisema. "Kaa."

Kitinda alikaa kwenye kibao.

"Nilipokuwa nakubeba," Mama Gundi aliendelea, "ulikuwa unalala na mdomo wazi, udenda unanilowanisha shingo. Sikuwahi kugeuka nyuma kukutazama, nilijua uko. Siku hizi mtu akinipa karatasi naisoma mara tatu, hata ya mume wangu. Jana kaniandikia vitu vya dukani, nikajikuta natafuta maandishi madogo chini."

Mdogo alianza kulia bila sauti.

"Sijafika kwenye msamaha, mdogo wangu. Sikudanganyi. Nikifika nitapanda gari nije mwenyewe hadi tawini kwako nikuambie. Usinisukume."

"Nitangoja," Kitinda alisema. Alikaa kidogo, akajifuta uso, akainuka. Mlangoni alisahau kuinama, akajigonga paji la uso, akatoka akiwa ameshika kichwa. Mama Gundi aliinuka nusu, mkono umenyooshwa kama atakayemfuata. Kisha akaketi, akatia uzi mpya sindanoni, na kwa kuwa macho yalikuwa na machozi, tundu lilimkwepa mara nyingi kabla halijakubali.